Urefu wa Kamba

Kamba nimeipima kwa mkono wangu mwenyewe:
kutoka mguu wa kitanda hadi kiuno cha Solongo,
pima moja na shubiri mbili.
Kutoka ncha ya kidole chake hadi bati la jiko
nimeacha shubiri nne.
Nilipima jana. Leo nimepima tena.

Nyumba yetu ni duara, kuta zake manyoya ya kondoo,
na jiko limekaa katikati kama mwenye nyumba;
sisi wengine ni wapangaji wake.
Halizimwi. Halihamishwi.
Nje, kilima kizima cha Ulan Bator kinafuka makaa,
na baridi inang'ata hata bawaba za mlango.
Mtoto akililia wembe, husemwa, mpe.
Wembe wa huku una makaa tumboni.

Usiku nalinda ghala la saruji, mchana namlinda huyu.
Ghala halitembei.
Enkhtuul yuko kiwandani, anachambua sufi ya mbuzi;
atarudi jioni na nyuzi nyeupe kwenye nyusi,
aulize kwanza kikohozi, kisha choo, kisha mimi.

Mama yangu haicheki kamba.
"Sote tulifungwa," husema, "na wewe pia,
isipokuwa siku ile moja."
Kisha hunyamaza, nami hushusha mkono wa shati
juu ya kovu la birika.

Kila kitu cha Solongo twakirefusha:
suruali, mikono ya koti, hadithi za kumlaza.
Kamba peke yake twaifupisha,
kwa kuwa mkono unakua,
miezi kumi na minne, kumi na mitano,
kila mwezi fundo jipya.

Alhamisi tulimpeleka kliniki.
Bibi yake alimpaka masizi puani kabla hatujatoka,
ili kibaya cha njiani kimdhanie sungura, kipite.
Muuguzi Tsermaa aliyafuta kwa pamba bila neno,
akampima: kilo tisa na robo,
akamchoma sindano ya paja,
akamdondoshea tone la vitamini, jua la chupani,
maana la mbinguni halitoshi mpaka Machi.
"Maneno mangapi?"
Nilihesabu kwa vidole. Mama. Mbwa. Lete.
Hapana, na hilo mara nyingi.
"Manne."
"Msemeshe," akasema. "Hata ukiwa na usingizi."

Basi namsemesha.
Namsimulia saruji, mifuko mia sita
inayolala usiku kucha bila kukojoa.
Namwambia huu mwiko, hiki kijiko,
na lile (nashika kiganja chake, nakisogeza hewani
mpaka joto limfikie kabla ya bati)
lile ni moto.
Ananitazama mdomo, si jiko.

Jumatatu nilitoka kuchota makaa.
Ndoo moja. Hatua ishirini kwenda, ishirini kurudi.
Nikakuta kamba sakafuni, fundo limeachama
kama kinywa cha mlinzi aliyesinzia,
na Solongo amesimama, hajashikilia kitu,
shubiri moja na jiko.
Sikupiga kelele. Mtoto akishtuka huanguka mbele.
Niliweka ndoo chini kama naweka yai.
Akainua kidole.
"Oto," akaliambia jiko, akilikaripia
kwa sauti yangu.

La tano.

Nilimnyakua, nikakaa naye kitandani
mpaka moyo ukakumbuka hesabu yake.
Najua neno si ukuta.
Kesho mpira utabiringika kule, na neno litasahaulika.
Kwa hiyo nimevunja kitanda cha zamani,
napigilia mbao zake kulizunguka jiko,
misumari nimeiweka mdomoni mwangu
isije ikaingia mdomoni mwake.

Enkhtuul ameingia, nyusi nyeupe.
Ameuliza kikohozi. Ameuliza choo.
Ameutazama uzio, amenitazama mimi, akauliza kuna nini.
Nami nikiwa nimejaa vyuma mdomoni,
kutoka kitandani, ndani ya mafundo mawili,
amejibiwa:
"Oto."